Mpima Aliyeacha Mahali Peupe

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Pima Tena, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba iliyo nyuma ya posta ya zamani.

Alihitimu chuo cha upimaji mwaka 1974 na kuajiriwa idara ya ramani. Jina la Pima Tena alipewa na mabaharia wa boti ya idara. Akishusha kamba yenye kipande cha risasi kupima kina cha maji, hakuandika namba mpaka aishushe mara ya pili.

Alifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1979 na mwalimu wa hesabu. Mama yetu husimulia kuwa siku ya posa Baba aliwaambia wakwe ukuta wa sebule yao umepinda. Wakamkubali hivyo hivyo.

Kazi yake kubwa ilikuwa ramani ya hifadhi ya pwani: mikoko, fukwe wanakotaga kasa, matumbawe na maji yote ya jirani. Ilimchukua miaka sita. Ghuba moja hakuifikia kwa sababu boti iliharibika, akaiacha nyeupe.

"Ramani gani hii ina mapengo?" mkurugenzi wa idara alifoka. "Jaza!"

"Sijapima, mkuu."

"Kwani nani atajua?"

Mkurugenzi na watu wake wakamzunguka. Walijaza namba za kubuni wakiwa wamekaa kwenye kiyoyozi wanakunywa chai, na chini wakaacha jina lake. Uchafu mtupu! Mwaka 2011 meli ya mafuta iliziamini namba hizo, ikapanda mwamba, na kasa wakaokotwa wamekufa, weusi tii. Tume ikamlaumu mpima. Mkurugenzi akapandishwa cheo.

Baba alistaafu mwaka 2012. Tangu hapo alitembea na wembe. Kila alipoikuta ramani ile, iwe shuleni au zahanati, alilikata jina lake taratibu, kisha akaomba radhi kwa kuharibu karatasi ya watu.

Alianza kuugua figo Januari mwaka jana. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama.

Ameacha mjane, mabinti wawili na wajukuu watano. Idara ilituletea rambirambi ichapishwe katika kijitabu hiki cha mazishi, ikimsifu kwa "ramani kamili isiyo na pengo". Tumeikataa, kwa kinyaa. Ninyi wa idara mliokaa viti vya mbele, futeni jina lake kwenye ramani ile, mumwache mzee wetu alale kwa amani.