Shingo ya Baba Mkwe

Mgane mmoja, ambaye tangu azike mkewe alikuwa hataki kusikia habari za mtu, alikaa kwenye basi nyuma ya kinyozi na mama fundi cherehani, na masikio yakamsaliti. Mama alikuwa anakwenda kumchukua mumewe kwenye nyumba ya kuachisha pombe, lakini hakuwa na hakika kama atashuka. “Akirudia je, kaka yangu?”

“Mimi nilirudia, dada. Wateja wakanikimbia wote. Nani ampe shingo mlevi mwenye wembe?”

Mgane akaguna. Juu ya dirisha wakubwa walikuwa wamebandika tangazo la “Acha Pombe”, kana kwamba watu hulewa kwa kukosa cha kusoma.

“Basi akaja baba mkwe,” kinyozi akaendelea. “Mzee niliyekuwa nikimwona nabadili njia. Akakaa kitini mbele za watu, akainua kidevu, akafumba macho. Hata nilipoanguka tena, alirudi akakaa vilevile.”

“Hakuogopa?”

“Weee! Alikuwa anatetemeka kunishinda.”

Mgane alikuwa na neno kali tayari mdomoni, akaliacha, akasogeza sikio mbele. Umri wote ule, hakuwahi kusikia mtu akipendwa namna hiyo.

Basi likapunguza mwendo karibu na nyumba ile ya kuachisha pombe. Mama akainuka nusu, akashikilia kiti cha mbele. “Lakini ulimnyoa vizuri?”

“Nilimkata.”

“Akasemaje?”

“Akasema, ‘Haya mwanangu, bado upande wa pili.’”

Basi likasimama.