Olive Mwape, Aliyerudi Kutoka Lausanne

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo katika mitaa yetu ya Lubumbashi, Kenya, Kampemba, Katuba, hata ninyi mlio njiani na redio ndogo mfukoni, sogeeni karibu. Hapa ni Kiki, na leo nimebeba jina moja tu. Olive Mwape. Mwalimu Olive. Ametutoka Jumanne asubuhi, baada ya kuugua moyo kwa muda mrefu. Ninarudia kwa waliochelewa kufungua redio: Mwalimu Olive Mwape ametutoka Jumanne, na matanga yako nyumbani kwa mama yake, Mama Léonie, kule mtaa wa Kenya.

Wengi mlimjua akiwa na chaki mkononi. Mimi nataka niwarudishe mwaka wa 1991, alipokuwa msichana wa shule mwenye miguu isiyotulia.

Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre, na ilikuwa inaporomoka tukiiangalia. Mishahara haiji, walimu wamegoma. Katikati ya hayo, shule yake ikaalikwa kupeleka wanafunzi watatu kwenye mkutano mkuu wa vijana wa dunia, mjini Lausanne, Uswisi. Wakachaguliwa Olive, Martine na Dominique. Mama Léonie, mjane aliyeuza makala, mkaa wa kupikia, sokoni, alitembea wiki ile kama mke wa gavana. Kila aliyenunua makala aliambiwa: mtoto wangu anaenda Poto, anaenda Ulaya.

Lausanne! Olive alipenda sana kuisimulia. Baridi ilikuwa ya Septemba tu, lakini watatu hao walivaa nguo zao zote kwa pamoja. Dominique alionja jibini siku ya kwanza akalitemea kwenye leso. Baada ya siku chache alikuwa anaomba la wenzake. Walikaa meza moja na vijana wa Chile, wa Senegali, wa Poland, wakajadili amani mpaka sauti zikakauka. Msichana wa Poland aliwaambia kwamba kwao pia serikali ilianguka, na watu bado wanakula. Olive alisema neno hilo liliwatia moyo kuliko hotuba zote.

Kisha ikaja jioni ya mataifa. Kila nchi iimbe wimbo wake. Watoto wetu hawakuwa wamejiandaa. Wakapanda jukwaani, wakatazamana, na miili ikajibu kabla ya vichwa. Wenye umri wangu mmeshajua. Ni animasyo. Zile nyimbo za kumsifu Rais tulizofundishwa tangu darasa la kwanza, tukizicheza juani kila mkubwa alipokuja mjini. Vijana waliokuwa wamechoka kabisa na Rais huyo, wakamwimbia huko Ulaya, viuno vikizunguka, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nyuma ya ukumbi alikuwepo mzee mmoja wa kwetu, aliyefukuzwa nchini na serikali hiyohiyo. Olive alidhani atawazomea. Mzee akasimama. Akaucheza wimbo mzima, hatua kwa hatua, machozi yakimtoka.

Miaka michache iliyopita Olive alikuja hapa studio, nikamuuliza habari ya mzee yule. Akaniambia: «Nilimuona ule muzee, anacheza wimbo ya ule mwenye alimufukuza, sababu haikukuwa kitu ingine ya kwetu yenye alibakia nayo. Nikasema: nikibakia huku, na miye siku moja nitacheza vile.»

Haikupita siku, televisheni ikaonyesha askari wa Kinshasa wamebeba friji vichwani. Nchi inaporwa. Wenyeji wa mkutano wakawaambia watatu hao: mnaweza kubaki, tutawatafutia shule na hati. Martine akakubali. Dominique akakubali. Olive alilia sana, kisha akaomba tiketi ya Lusaka, maana ndege za kwetu zilikuwa zimekatika.

Kutoka Lusaka alipanda malori. Pale mpakani Kasumbalesa watu walikuwa wanatoka na magodoro, yeye anaingia. Alipofika, Lubumbashi nayo ilikuwa imeshaporwa, maduka yameng'olewa hadi milango. Akamkuta mama yake mbele ya nyumba, anachochea mbabula, lile jiko la makala. Mukuka, mdogo wake Olive, alikuwepo. Anasema mama hakuinuka. Alitazama begi, akamtazama mtoto, akasema: «Miye nilikutuma uende. Nani alikutuma urudie?»

Hakumwambia karibu. Wasikilizaji, kwetu hata mpita njia anaambiwa karibu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Olive alicheza kwa watu akapigiwa makofi, akarudi kwao akakosa hata neno hilo moja.

Olive akaweka begi chini, akasonga bukari, ugali wetu wa jioni, na ndivyo alivyoendelea. Akasomea ualimu. Akafundisha Kampemba kupitia vita vyote, mshahara ukiwa hadithi. Watu walimcheka, huyu ndiye aliyeitupa Ulaya, naye alicheka pamoja nao. Ila msidhani alikuwa mtu wa kuwafungia watoto nyumbani. Mwanafunzi wake Abigaëlle alipochaguliwa kwenda kwenye mkutano kama ule, mjini Dakar, mwalimu alimwambia: «Enda. Ukiona kule iko muzuri, bakia. Mama yako, nitasemezana naye miye.» Abigaëlle yuko Dakar mpaka leo. Amenipigia simu kutoa pole.

Jana nilikwenda matangani. Mama Léonie, bibi kizee sasa, ameketi chini kwenye mkeka. Nilidhani ataniagiza nitangaze saa ya maziko, na kweli aliniagiza: ni kesho, tukihesabu kuanzia leo, saa nne asubuhi. Kisha hakuniachia mkono. «Siku ile alirudia, sikumuambia karibu,» akasema. «Alinipikia, aliniosha, miaka yote ile, na sikumuambia. Haya ilinizuia. Weye uko na sauti, bantu banakusikia. Umuambie.»

Mama Léonie, Mukuka, walimu wa Kampemba, Martine na Dominique mlio mbali, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, jioni ya leo tazameni ndani ya nyumba zenu. Kama yupo mtu aliyerudi na mkamnyima neno, mpeni leo, msisubiri redio iwasemee.

Mimi nimetumwa, na natimiza. Mwalimu Olive, mama yako anasema: karibu, mwanangu. Karibu nyumbani.