Kizito Mukhisa Wanjala, Aliyepanda Mahindi kwa Simu

Kizito Mukhisa Wanjala alizaliwa tarehe 3 Aprili 1992 hapa nyumbani Kabuchai, Kaunti ya Bungoma. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Wanjala na Mama Selina Nakhungu. Uchungu ulimshika Mama akipalilia miwa, na jirani aliyemzalisha alisema mtoto ana miguu mirefu kama mtu wa kutumwa.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini, akatahiriwa Agosti 2006 bila kupepesa jicho, na akamaliza kidato cha nne mwaka wa 2010. Walimu walimsifu kwa upole. Mama husema upole ulikuwa wa darasani tu. Nyumbani aliifungua redio ya baba yake, akaifunga tena, vyuma vitatu vikabaki mezani, na redio ikaongea kuliko zamani.

Mwaka wa 2012 alienda Kitale kujifunza ufundi wa trekta, na baada ya muda mfupi wakulima wa Trans-Nzoia wakawa wanamgombania kila msimu wa kulima. Huko alimpata Jepchumba, aliyekuwa akiuza chai karibu na gereji. Mama alinung'unika kidogo, ati mkamwana wa kutoka huko hataweza kusonga ugali wa wimbi. Alipopikiwa alikula, akaongeza, na maneno yakaisha. Walifunga ndoa kanisani tarehe 8 Desemba 2018, wakajaliwa Ivy na Wanjala mdogo.

Mwezi wa Juni 2024 wakala mmoja alimwahidi kazi ya kutengeneza magari ng'ambo. Alipofika huko alivishwa sare, akapewa bunduki na kupelekwa vitani, Ulaya Mashariki. Alienda akiwa fundi, wakamfanya askari.

Alikuwa akipiga simu kila Jumapili, Mama akitoka kanisani. Vita hakuvitaja. Aliuliza habari za ng'ombe, na bei ya mbolea, na kama Ivy ameota jino. Machi 2025 alisimamia upanzi wote akiwa kwenye video, Jepchumba ameshika simu, Mama ameshika jembe.

"Mama, hiyo laini imepinda."

"Si uje uinyooshe wewe?"

"Hapo pia umerundika. Mbegu mbili tu kwa shimo, Mama, si tano!"

Siku hiyo kulisikika mngurumo nyuma yake, simu ikatikisika. Mama akamuuliza, "Mvua iko huko?"

"Iko, Mama. Inanyesha mbaya."

"Basi jifunike."

Mvua ya namna hiyo ilinyesha karibu kila Jumapili. Mama alijua ni nini tangu siku ya kwanza. Alikubali kudanganywa kwa sababu aliona mtoto anapumzika akiongea habari za shamba, na hakutaka kumnyang'anya hilo. Mahindi yalikuja vizuri. Picha za mavuno alitumiwa, akazijibu kwa kucheka.

Katika wasifu wa marehemu, hapa ndipo ugonjwa huandikwa. Kizito hakuugua. Simu ya mwisho ilikuwa Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025. Jumapili iliyofuata haikulia. Mama aliendelea kumtumia ujumbe wa sauti, akimweleza nani ameoa na ng'ombe gani amezaa, na hakuna uliofika.

Mwezi wa Januari, Kipketer, kijana wa Kitale aliyekuwa naye katika kikosi kimoja, alirudi kwa magongo. Alikuja hadi hapa, akakaa mbele ya Mama, akamwambia alimwona Kizito akianguka, na kwamba hawakuweza kurudi kumchukua. Mama alimuuliza kama amekula. Akampikia. Tangu siku hiyo nyumba hii imekuwa kimya. Watu wanakuja, chai inamiminwa, salamu zinajibiwa, na machozi hayatoki. Miili yetu imekufa ganzi, na hakuna anayejua lini itaamka.

Wazee wa ukoo walisema mtu wetu asiachwe nje bila kaburi, na kwamba kwa desturi yetu, asiyepatikana huzikiwa mgomba badala ya mwili wake. Mama alikataa, akakataa tena.

"Mimi nilizaa mtu. Sikuzaa mgomba, bana."

Hawakumshinda wao. Alishindwa na Ivy, aliyekuwa akikimbilia lango kila boda boda ikisimama barabarani, ati baba amefika. Mama alimtazama mtoto akirudi mara nyingi, kisha akawaita wazee akawaambia wachimbe. Alitoa masharti mawili. Kaburi liwe la urefu wa Kizito, ili siku akiletwa asikunjwe. Na yaliyomo sandukuni yasomwe mbele ya watu, pasifichwe kitu.

Basi yanasomwa. Leo Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026, katika sanduku hili mna mgomba, na shati lake la kazi.

Marehemu amemwacha mjane wake, Jepchumba. Watoto wake, Ivy na Wanjala. Dada yake, Judy, anayewasomea haya. Na mama yake, Selina Nakhungu, aliyekubali kuzika na ambaye bado hajamzika mwanawe.

Apumzike kwa amani, huko huko alikolala.