Mama Virginia Mkawasi Sanga, Aliyewaamsha Wana Hamsini na Watatu

Marehemu Mama Virginia Mkawasi Sanga alizaliwa Wundanyi, Taita, tarehe 9 Mei 1956. Alisoma hadi darasa la saba, akawa hodari wa hesabu na mbishi wa kupigiwa mfano.

Mwaka 1978 aliteremka Diani, akaajiriwa udobi katika hoteli moja ya watalii. Huko alikutana na mpishi Duncan Sanga, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981. Mungu hakuwajalia mtoto. Bwana Sanga alifariki mwaka 1996, akamwachia nyumba hii ya vyumba vitatu, hapa Mkongani.

Agosti 1999 Mama aliwachukua wavulana watatu waliokuwa wakilala nyuma ya soko la Kombani, mkubwa wao akiwa Luqman. Majirani wakaja juu: watoto wa Kiislamu, nyumba ya Mkristo! Mwalimu Mbwana wa madrasa akamwambia, "Mama, twakutazama Ramadhani hii inayokuja. Tukiona dini yao yaharibika, twawachukua."

"Mwalimu, jina na dini waliyokuja nayo ndiyo watakayoondoka nayo," Mama akajibu.

Siku ya kwanza ya mfungo, usingizi ukampitia. Alipopakua daku, adhana ya alfajiri ilikuwa imeshatoka. Watoto wakafunga hivyo hivyo, matumbo matupu, naye Mama, Mmethodisti tangu utotoni, akafunga nao. Magharibi ilipokaribia, Mwalimu Mbwana alimkuta ameketi jamvini na watoto, midomo imemkauka, mihogo ya nazi mbele yao haijaguswa.

"Mama, nawe wafunga?"

"Kosa ni langu, Mwalimu. Ningekulaje mbele yao?"

Mwalimu aliondoka. Akarudi na tende na saa ya kengele. Habari ya kuwachukua watoto ikaishia hapo, na nyumba ilipogeuka makao ya watoto wasio na kwao, yeye ndiye aliyekuwa, na hadi leo ndiye, mwenyekiti wa kamati yake. Tangu siku ile, kwa miaka ishirini na mitano, daku halikuchelewa tena. Vyumba hivi vitatu vimetoa mafundi, walimu, wauguzi, imamu mmoja na mchungaji mmoja.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alilazwa hospitali ya Msambweni Februari mwaka huu, 2025, akafariki asubuhi ya Ijumaa, tarehe 14 Machi, katikati ya Ramadhani. Luqman, ambaye sasa ndiye msimamizi wa makao, alikuwa kando ya kitanda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Watoto wamekula daku?"

"Wamekula, Mama."

Akatabasamu. Hakusema tena.

Waliosema atakosa wa kumzika, na waje wahesabu. Ameacha dada yake, Everline, na wana hamsini na watatu, kila mmoja na jina alilokuja nalo. Kaburi wamelichimba wenyewe, wengi wao wakiwa wamefunga. Tunalia, lakini tunajivuna.

Kesho kabla ya alfajiri, saa ya Mwalimu Mbwana italia. Lala kwa amani, Mama. Wanao wataamka wenyewe.