Bi Upepo na Ukanda wa Kambi

Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya miaka thelathini na mmoja kasoro miezi miwili, mkuu wa kikosi chetu cha moto na malisho anarudisha funguo za ghala na kustaafu. Kwenye faili ana cheo kirefu cha kiofisi. Sisi tunamwita Bi Upepo, kwa sababu hajawahi kuanza kazi yoyote, hata ya kupaka uzio rangi, kabla ya kurusha vumbi juu na kutazama linaangukia wapi. Nimemwendeshea gari la maji kwa miaka kumi na minane, ndiyo maana nikaombwa niandike haya.

Kwa walioajiriwa juzi: idara yetu inatunza ukanda wa mashamba, malisho na msitu unaoizunguka kambi ya mazoezi ya jeshi. Ukanda huu ukijengwa mitaa, watoto watakuwa wanacheza pale vipande vya chuma vinapoangukia. Kwa hiyo tunawekeana mikataba na wakulima. Shamba linabaki lao, wanalima na kufuga kama kawaida, ila haligeuzwi viwanja. Na kila mwaka kabla ya kiangazi tunachoma wenyewe nyasi za mpakani, kidogo kidogo, ili cheche za mazoezi zikiruka zisipate cha kula.

Bi Upepo aliajiriwa kuhesabu viota vya ndege wanaotaga chini. Siku hizo aliingia uwanja wa shabaha wa kambi nyuma ya askari mmoja, akikanyaga palepale askari alipokanyaga asije akagusa kombora lililolala, mpaka akazijua soli za yule bwana kuliko uso wake. Mumewe anaapa kwamba hata sokoni bado anatembea hivyo.

Niseme jambo ambalo wasifu wa namna hii huwa unalifunika: Bi Upepo ni mwoga. Hakuwahi kulificha. Kila tulipokaribia mpaka, kitambaa chake cha jasho kililowa hata asubuhi ya baridi.

Miaka kumi na miwili iliyopita, kiangazi kikiwa ukingoni, bomu la moshi la mazoezi liliangukia nyasi kavu saa tisa alasiri. Tulikuwa watu kumi na mmoja mpakani, gari langu limejaa maji. Upepo uligeuka ghafla na moto ukagawanyika. Upande mmoja ulielekea msituni, msitu ambao Bi Upepo aliuhudumia tangu aajiriwe. Mwingine ulishuka kwa mfugaji jirani tunayemwita Mzee Maziwa. Ng'ombe wake thelathini walivunja uzio wakakimbilia ndani ya uwanja wa shabaha, mahali palipozikwa makombora ya miaka na miaka ambayo hayakulipuka.

Kisha ardhi ikaanza kupasuka. Moto ulikuwa unayafikia makombora hayo, moja huku, jingine kule, bila mpangilio. Kila mlio ulinipanda kutoka kwenye nyayo hadi kwenye meno.

Mkuu wa idara wa wakati ule akaamuru kwenye redio tuingie kwa kijia cha msituni, tuukate moto kabla haujaifikia miti. Nilishawasha injini. Bi Upepo aliuliza kama wategua mabomu wamekikagua kijia hicho mwaka ule. Redio ikakoroma. Akauliza tena, akajibiwa kwamba hakuna muda wa maswali. Hapo akaja kusimama mbele ya bampa langu, suruali yake ikitikisika kama iliyoanikwa kambani.

"Siwaingizi," aliiambia redio. "Msitu utaota tena. Hawa hawaoti."

Sikumpenda dakika ile. Naliandika hili akiwa bado anaweza kulisoma.

Mzee Maziwa akatokea mbio, anataka kuvuka. Bi Upepo alimkamata shati mpaka kola ikachanika. Mzee alilia kwamba ng'ombe wale ndio waliosomesha wanawe, aachiwe akafe nao. Bi Upepo alimuuliza kitu ambacho sote tulidhani ni wazimu.

"Baba, saa ya kukamua unawaitaje?"

Mzee alimkodolea macho, halafu akaenda kuchukua ndoo kwenye pikapu yake na kuanza kuigonga kwa fimbo. Aligonga muda mrefu. Hakuna kilichotokea ila moshi na milipuko. Kisha akatoka ng'ombe mmoja mzee, anakohoa, na nyuma yake wenzake kwa mstari, kama wanaokwenda zizini. Tuliwahesabu mara mbili. Walikuwa ishirini na sita.

Msitu uliwaka siku tatu.

Bi Upepo alipewa barua ya onyo. Wategua mabomu walipokuja kukikagua kijia, hawakukuta kitu, hata ganda la risasi. Maneno yakaanza kwenye korido, kwamba ameteketeza msitu kwa kuogopa kivuli chake. Alipoulizwa alijibu tu kwamba hakujua, na asingeweza kutupeleka mahali asipopajua. Kwa miaka miwili hakuweza kushika kiberiti jikoni kwake. Mumewe alikuwa anatutania kwamba mkewe anachoma ekari mia kazini lakini chai ya nyumbani anasubiri awashiwe jiko. Tulicheka. Yeye hakucheka.

Mzee Maziwa alikuwa ameukataa mkataba wetu kwa miaka tisa, akiamini ni mtego wa kumnyang'anya shamba. Mwezi uliofuata alikuja ofisini na kalamu yake mwenyewe. Akasema, "Mtu anayeogopa kiasi hiki hana nafasi ya kunidanganya." Majirani zake saba walimfuata. Leo hakuna kijia kinachotumika kabla hakijakaguliwa mwaka huohuo, na miche ya msituni imenifika kifuani. Ile miti mikubwa haijarudi, na mimi sitaiona ikirudi.

Mwezi uliopita tulichoma mpaka pamoja kwa mara ya mwisho. Alinikabidhi kikosi mbele ya wenzangu, akaona nimetia mikono mfukoni, akanisogelea.

"Itoe," alisema taratibu. "Mikono isiyotetemeka ndiyo ninayoiogopa."

Niliitoa. Ilikuwa inatetemeka, na kikosi kizima kiliiona.

Dada yetu mkubwa, asante kwa kutuogopea tulipokuwa wajinga wa kutosha kutoogopa. Nenda ukalale mpaka jua likuchome usoni. Ukawe na afya, na wajukuu wasikupe nafasi ya kupumua. Hofu tuachie sisi. Sasa ni zamu yetu.