Kimia Chepesi na Kimia Kizito

Leo ni tarehe tisa Novemba, na huu ni mwaka wa tatu tangu niondoke kwetu. Mheshimiwa Mkurugenzi, waheshimiwa wahandisi, ndugu zangu wavuta nyaya tunaolala bwenini, na wewe Mama Mhandisi tunayekuaga kwa kustaafu: salamu zangu ziwafikie kwa vyeo vyenu.

Shule niliiachia njiani. Niliposikia Mama Mhandisi akisema siri zinafichwa kimiani, nilidakia, "Nani kafunga?" Akacheka mpaka akaketi. "Baba, hapa anayefunga ndiye anayeficha!"

Tangu hapo, nikibeba nyaya huona kimia hicho, wavu wa hesabu, kimetandazwa angani, kinakwenda pande mamia ambazo macho hayazijui. Siri ni fundo moja. Mama humsogeza mtafutaji kidogo pembeni mwa fundo, kwa makosa madogo ya makusudi, naye hupotea. Hata kompyuta za kwantamu, mashine mpya zinazosemekana zitafungua kufuli nyingi za zamani, hapo hazijapata njia. Je, si ndoto hiyo?

Lakini vimia ni viwili. Kimoja kimefumwa kwa mchoro unaojirudia: ufunguo wake mdogo, kinakwenda upesi. Kingine hakina mchoro: ni kizito, ila mwizi hana pa kushika. Kipi kilinde ujumbe wetu wa sauti wa kwenda na kutoka nyumbani? Mkurugenzi, ulitaka kizito, na sababu unayo: wapo wanaokusanya maneno ya leo wayafungue miaka ijayo. Tulipokijaribu, mtandao wa kwetu ulikatika kabla ufunguo haujafika, sauti ya mke wangu ikabaki imefungwa.

Mama hakutudanganya. Alisema mchoro ule huenda siku moja ukamsaidia mwizi, ingawa hajaonekana aliyeweza. Nikamwandikia mke wangu hayo. Jibu lake nikalisoma kwa sauti bwenini: "Wewe baba watoto, unataka kunificha au kunisikia?" Bweni zima likaangua kicheko.

Mama, ungeweza kuidhinisha kizito ukaenda zako kupumzika, nani angekulaumu? Ulitetea chepesi, na shaka yake ukaisema mbele ya wakubwa. Kikakubaliwa, na sasa namsikia mke wangu, na ndoo ikijaa maji nyuma yake, nami nafumba macho nipo pale.

Liko neno moja tu ambalo sitalipitisha katika kimia chochote. Hilo nitamwambia sikioni. Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Natarajia kurudi nyumbani mwezi wa nne.