Jumatatu Mje Mkae na Madam Arpine

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi mliotoka Chamwino, Kibaigwa na kwingineko, wakubwa wangu wote, shikamooni. Wanafunzi wenzangu, hamjambo.

Naitwa Loisi, kidato cha tatu, katibu wa Klabu ya Historia. Mwenyekiti wetu, Sostenes, ndiye angesimama hapa, lakini ana malaria. Klabu ina watu watatu, na wa tatu amekataa katakata. Kwa hiyo mmenipata mimi, mnisamehe.

Nimekuja kutangaza jambo moja. Jumatatu, tarehe ishirini na nne Aprili, baada ya vipindi, tutafanya kumbukumbu ya Waarmenia katika maabara ya kemia. Miaka themanini iliyopita watu hawa walitolewa majumbani mwao katika dola ya Uthmania, Uturuki ya leo, wakaswagwa kwa miguu kuelekea jangwani, wazee, akina mama na watoto. Inakadiriwa zaidi ya milioni moja waliuawa au walifia njiani. Mtauliza, sisi wa Dodoma yanatuhusu nini? Hata mimi niliuliza. Jibu langu ni mtu mmoja: Madam Arpine, mwalimu wetu wa kemia, aliyezaliwa Beirut kwa sababu bibi yake alifikishwa huko akiwa yatima.

Mwaka jana tulibandika matangazo kwa Kiingereza kizuri sana. Hakuja mtu. Banda la video lilikuwa na picha ya karate, wenzangu wakaenda huko, siwalaumu. Madam alitusikiliza sisi watatu, akafuta ubao, akatuambia usiku mwema, na jua lilikuwa bado kali.

Mwaka huu Sostenes akapeleka tangazo la Kiswahili kanisani Makole. Katekista akalisoma Jumapili ya Matawi, katikati ya matangazo ya misiba. Basi alasiri akina mama wakatokea getini na jamvi, kuni na unga.

"Msiba uko wapi, mwanangu?" akauliza Mama Raheli, kiongozi wao.

"Mama, ni... walikufa zamani. Miaka themanini."

"Themanini! Na tangazo ndiyo linatoka leo? Mlikuwa mnasubiri mavuno?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Hawakuzikwa, mama."

Kicheko kikakatika. "Mfiwa yupo?"

"Yupo. Peke yake."

"Sasa unatusimamisha juani kwa nini? Tuoneshe nyumba."

Madam alifungua mlango na madaftari yetu mkononi. Akina mama wakatandika jamvi, wakakaa. Hakuna aliyetoa hotuba. Mama Raheli akamwuliza tu, "Bibi yako aliitwa nani?"

"Araksi."

"Pole, mwanangu. Na mama yake?"

Madam akataja jina, kisha jingine, na jingine, majina ambayo sisi wanafunzi wake hatukuwahi kumwuliza, na kila jina likajibiwa pole. Mwishowe akaingia kwenye lugha yake mwenyewe, akasema kwa muda mrefu. Hatukuelewa hata neno, na hakuna aliyemkatiza.

Nilitoka nje nikalia. Wenzangu wa bwenini, huwa mnaniomba niseme Kisandawe ili mcheke vile vidoko vya ulimi. Nasema, mnacheka, nami nacheka. Lakini tangu nije hapa sijapata wa kunijibu kwa lugha hiyo. Nikifua hujisemesha mwenyewe. Sikujua kwamba Madam naye, akisahihisha madaftari, hufanya hivyohivyo.

Mkuu wa Shule ametuambia, na ana haki, kwamba Jumatatu wasipokuja watu klabu inafungwa. Tutawaonyesha herufi za Kiarmenia, na Madam ataoka mkate wao, mwembamba kuliko chapati. Mkija kwa ajili ya mkate, karibuni pia. Hamtaulizwa historia. Kaeni tu, mwulizeni Madam jina moja.

Na mkishamaliza kwake, kama kuna atakayebaki kidogo, aniulize na mimi. Babu yangu alifariki Januari, huko Kwa Mtoro. Habari zilinifikia wakiwa wameshamzika, na hapa shuleni sijamwambia mtu. Nyinyi ndio wa kwanza.

Nawashukuru wote kwa kunivumilia hadi mwisho.